Wale Watu Wamekwenda Wapi?

Mwaka 2006, mwaka ule wa mgao wa umeme, mjomba wangu alirudi Pangani kutoka Dar es Salaam na kompyuta kuukuu aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akifunga ofisi yake. Ilikuwa nzito kama gunia la nazi. Ndani yake mwenyewe wa kwanza alikuwa ameacha barua za kazi zisizotuhusu, na mchezo mmoja uitwao Civilization. Mimi nilikuwa darasa la saba. Barua sikuzisoma. Mchezo niliucheza mpaka mama akatishia kuitupa kompyuta mtoni.

Babu alikuwa akija jioni akitoka barazani kucheza bao, anavuta kigoda, anakaa nyuma yangu. Kiingereza hakukijua, na mimi nilikijua kwa kubahatisha. Lakini alikuwa mchezaji bao wa siku nyingi, akauelewa mchezo upesi kuliko mjomba aliyeuleta. Aliona kwamba ni mchezo wa zamu: unacheza wewe, kisha unangoja wenzako wacheze, na hakuna anayekuharakisha. "Ala!" alisema. "Kumbe bao hili."

Siku moja askari wangu alikuwa akitembea porini akakuta kijiji, yaani picha ndogo ya vibanda. Nikamwingiza. Yakatokea maandishi kwamba nimepata fedha, na papo hapo vibanda vikatoweka. Pakabaki nyasi tupu. Nikafurahi, nikataka kuendelea. Babu akanigusa bega.

"Wale watu wamekwenda wapi?"

"Wameisha, babu. Mimi nimepewa fedha."

"Wameisha vipi? Kete ikiliwa inakwenda upande wa aliyekula. Haiishi. Hebu tazama vizuri, huenda wamo kwako."

Nikatazama miji yangu, mmoja baada ya mwingine. Hawakuwamo. Umeme ukakatika, tukaenda kula.

Ndugu msomaji, swali hilo nimelibeba miaka mingi. Asiyecheza bao atalichukua kama utani wa mzee. Lakini bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kete zote zikishaingia mchezoni hakuna hata moja inayotolewa nje. Ukila za mwenzako unazipanda upande wako, na kesho anaweza kuzila akazirudisha kwake. Mshindi hupatikana, lakini kete hubaki 64. Kwa mtu aliyezoea hesabu ya namna hiyo, mchezo ambao watu wanafutika na mahali pao panatokea fedha ni mchezo wenye hesabu mbovu. Babu hakuwa anazungumza siasa. Alikuwa anakagua hesabu.

Basi nimeona niandike juu ya hesabu za mchezo ule, kwa sababu wengi tumeucheza, na wengi wamecheza wadogo zake waliokuja baadaye, bila kujiuliza umeundwaje. Na mchezo unaodai kusimulia historia ya watu wote duniani hauwezi kuwa mchezo tu. Kanuni zake ni maneno. Zinasema jambo juu ya nani alishinda na kwa nini.

Nianze na asili yake. Civilization ulitolewa mwaka 1991 na kampuni ya Marekani iitwayo MicroProse. Waliouunda ni Sid Meier, mzaliwa wa Kanada, na mwenzake Bruce Shelley. Hawakuanza na karatasi nyeupe. Tangu mwaka 1980 kulikuwa na mchezo wa mezani wenye jina hilohilo, uliobuniwa na Mwingereza Francis Tresham, ambao watu walikuwa wakiucheza kwa kadi na vipande juu ya ramani ya Bahari ya Kati. Shelley mwenyewe alikuwa amewahi kufanya kazi katika kampuni ya Avalon Hill, iliyouza mchezo huo Marekani. Kulikuwa pia na SimCity wa mwaka 1989, mchezo wa kujenga mji. Mwanzoni Meier aliutengeneza wake uende mfululizo kama saa, mambo yakitokea hata kama mchezaji amekaa tu. Haukumridhisha. Mchezaji alibaki mtazamaji. Ndipo akaugeuza kuwa wa zamu, na hapo ukapata roho yake.

Zamu ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mchezo unaanza mwaka 4000 kabla ya Kristo, na mwanzoni kila zamu ni miaka 20. Unamwambia mtu wako asogee mraba mmoja, miaka 20 imepita. Baadaye miaka inapungua, mpaka mwishoni zamu moja ni mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba dunia nzima inakungoja uamue. Hakuna mfalme katika historia aliyepata bahati hiyo. Mkwawa hakungojewa. Bushiri hakungojewa. Lakini mchezaji aliyekaa kwenye kiti anangojewa, na kwa hiyo anajiona kuwa kila kilichotokea duniani kilikuwa uamuzi wa mtu mmoja mwenye akili. Hiyo ni hoja ya kwanza ya mchezo, na imefichwa ndani ya kitufe cha kumaliza zamu.

Hoja ya pili imo katika kiumbe wa kwanza unayepewa. Unaanza huna mji, huna askari. Una mlowezi. Sisi tulilijua neno hilo kutoka katika vitabu vya shule, kwenye sura za Kenya na Rhodesia, na halikuwa neno zuri. Hapa ndiye mzazi wa kila kitu. Unamsimamisha mahali, unamwamuru ajenge, na mji unazaliwa. Kabla yake, ardhi ile haina mwenyewe.

Mji nao unafanya kazi hivi. Unaizunguka miraba 21, ukihesabu na ule uliokaliwa. Kila raia analima mraba mmoja, na mraba unatoa vitu vya aina tatu: chakula, ngao na biashara. Chakula kinalisha watu. Kila raia anakula 2. Ngao ni nguvu kazi ya kujengea maghala, kuta na majeshi. Biashara inagawanywa mafungu matatu: kodi, anasa za kuwatuliza raia, na elimu ya kuvumbua mambo mapya. Nyika yenye majani mabichi inatoa chakula 2. Msitu unatoa chakula 1 na ngao 2. Bahari inatoa chakula 1 na biashara 2. Chakula kinachobaki kinawekwa ghalani, na ghala likijaa raia mmoja anaongezeka.

Mpaka hapo ni hesabu za duka la mangi. Lakini zimo hila ndani yake, na mtoto wa darasa la saba anazigundua kwa kushindwa mara tatu. Mraba ambao mji umekaa unalimwa bure, hauhitaji raia wake. Kwa hiyo mji mpya wenye raia mmoja unapata mazao ya miraba miwili, wakati raia mpya akizaliwa katika mji wa zamani anaongeza mraba mmoja tu. Tena mji mdogo unajaza ghala lake haraka kuliko mkubwa. Hesabu hizo mbili zikikaa pamoja jibu ni moja: zaa walowezi, sambaa, chukua ardhi kabla ya wenzako. Anayekaa na miji miwili mizuri akaitunza anashindwa na aliyetupa miji kumi ovyo. Hakuna mahali mchezo unapokuambia uwe mtu wa tamaa. Unakupa namba tu, na namba zinakufikisha huko.

Nilipolielewa hilo nilijiona mjanja sana. Nikamweleza babu. Akauliza, "Na ardhi ikiisha?" Nikamwambia hapo ndipo vita vinaanza. Akatikisa kichwa, akasema kwa hiyo mchezo huu unajua mwisho wake tangu mwanzo.

Hoja ya tatu ni ngazi ya elimu, na hapa nilikutana na mwalimu wangu wa Historia. Katika mchezo huwezi kujua kuandika mpaka uwe na alfabeti. Huwezi kuchora ramani mpaka uwe na alfabeti vilevile. Huwezi kupata ubaharia wa mbali mpaka uwe na ramani na elimu ya nyota. Kila jambo lina mama yake na baba yake, na wote wanaocheza wanapanda mti uleule, wawe Waroma, Wachina au Wazulu. Tofauti ni nani ametangulia. Shuleni nako tulikaririshwa ngazi: ujima, utumwa, umwinyi, ubepari, ujamaa. Tuliziimba kama wimbo. Swali la mtihani lilikuwa zitaje kwa mpangilio, siyo je, ni kweli. Ngazi ya Meier ilimaliza kwa chombo kinachokwenda kwenye nyota ya Alpha Centauri na yetu ilimaliza kwa ujamaa, lakini seremala ni kama mmoja. Zote mbili zinasema kuna njia moja, na aliye nyuma yuko nyuma kwa sababu hajafika.

Sasa mimi ni mtu wa pwani. Nikataka kuijaribu ngazi hiyo. Mchezo unakuruhusu kuupa mji wako jina, basi nikajenga mji kandokando ya bahari nikauita Kilwa. Nia yangu ilikuwa Kilwa ile ya vitabuni: mji aliofika Ibn Battuta mwaka 1331 akausifia uzuri, mji uliotengeneza sarafu zake wenyewe na kuishi kwa dhahabu iliyopita Sofala ikitoka bara. Nilitaka ushinde kwa biashara, bila kuwavamia watu.

Ulikuwa mji wa taabu. Raia anayevua na kuchuuza baharini anazalisha chakula 1 naye anakula 2. Kila niliyempeleka baharini alinitajirisha na kunitia njaa. Bandari ya kuongeza chakula cha baharini haikuwamo katika mchezo wa kwanza. Ilikuja katika wa pili. Nikatengeneza merikebu, ile ya makasia ya zamani ambayo ndiyo ya kwanza kwenye ngazi. Kanuni yake ni kwamba ikimaliza zamu mbali na nchi kavu inaweza kuzama. Nikaipeleka bahari kuu, ikazama. Nikajenga nyingine, ikazama. Babu alikuwa nyuma yangu.

"Umeondoka na upepo gani?" aliuliza.

Nikamwambia hakuna upepo.

"Bahari haina upepo?"

Nilidhani mzee anatania. Hakuwa anatania. Ujana wake aliutumia kwenye majahazi kati ya Pangani, Unguja na Lamu, na kwake bahari isiyo na pepo ilikuwa kama shamba lisilo na mvua. Watu wa mwambao walivuka bahari ya Hindi kwa kungoja. Kaskazi ikivuma, kuanzia mwishoni mwa mwaka, vyombo vinashuka kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ikishika, vinarudi. Na baadhi ya vyombo vya huku, mitepe, vilishonwa kwa kamba ya usumba bila msumari hata mmoja. Mchezo haukuwa na mraba wa elimu hiyo. Haikuwa elimu ndogo. Ilitosha kujenga miji ya mawe kutoka Mogadishu mpaka Sofala. Lakini haikuwamo kwenye mti, kwa hiyo katika mchezo haikuwahi kuwapo. Mtu anayeupenda mti huo atasema Kilwa ilikosa elimu fulani ndiyo maana Wareno walipoitwaa mwaka 1505 haikuweza kitu. Ni kweli ilikosa mizinga ya namna ile. Ila kuna tofauti kati ya kukosa kitu na kutokuwa na kitu.

Hoja ya nne ni vita, na hapa pana kichekesho maarufu. Katika mchezo wa mwaka 1991 kila kikosi kina namba ya kushambulia na namba ya kujilinda. Wanapokutana, kompyuta inapiga bahati mara moja kwa kulinganisha namba hizo. Manowari ya kisasa inashambulia kwa 18. Askari wa mikuki wa zamani anajilinda kwa 2. Kwa hesabu rahisi, bila kuongeza faida ya mlima au ngome, mwenye mkuki ana nafasi 2 katika 20, yaani moja katika kumi. Siyo kubwa, lakini ukicheza muda mrefu utaiona: manowari ya chuma inakwenda chini na mwenye mkuki amesimama. Wachezaji duniani kote walicheka na kulalamika. Mchezo wa pili, uliotoka mwaka 1996 chini ya Brian Reynolds, ukaweka afya na nguvu ya silaha, vita vikawa vya mapigo mengi, na bahati ya yule mwenye mkuki ikapotea karibu yote.

Mimi pia nilicheka. Nilicheka mpaka nilipofika sekondari nikasoma habari za Lugalo. Agosti 1891, miaka 100 kamili kabla ya mchezo huu kutoka, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski kilivamiwa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo. Kilikuwa na bunduki za kisasa na mizinga. Wahehe wengi walikuwa na mikuki. Zelewski aliuawa na sehemu kubwa ya kikosi chake. Miaka 12 kabla yake, Januari 1879, Wazulu waliwafanyia Waingereza jambo kama hilo pale Isandlwana. Kwa hiyo kile kilichoitwa kosa la mchezo kilikuwa kimeshatokea duniani, na kina tarehe.

Lakini msomaji, tusijidanganye kwa furaha. Ukiwa na nafasi moja katika kumi ya kushinda mara moja, nafasi ya kushinda mara mbili mfululizo ni moja katika mia. Wajerumani walirudi. Ngome ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894, na Mkwawa akajiua mwaka 1898 akikataa kukamatwa. Mchezo wa mwaka 1991 ulijua jambo ambalo mashairi yetu ya mashujaa hayapendi kulisema: siyo kwamba mkuki haukushinda, ila aliyekuwa na viwanda aliweza kushindwa na kurudi, na aliyekuwa na mkuki hakupewa nafasi ya kushindwa hata mara moja. Hilo linanifundisha zaidi kuliko maneno ya kwamba tulishindwa kwa sababu hatukuwa na umoja, ambayo mwalimu wetu aliyaandika ubaoni kila mwaka.

Naeleza haya ili isionekane kwamba nauchukia mchezo. Siuchukii. Namba zinaweza kukufikisha mahali pa kweli. Shida ni zile namba ambazo hazikuandikwa.

Turudi kwa watu wa vibanda. Kwa Kiingereza watu wanaotokea porini kushambulia miji wanaitwa kwa jina ambalo Kiswahili chake ni washenzi. Hawana mfalme, hawana ngazi ya elimu, hawazungumzwi nao. Vijiji navyo ni vya kuingiwa tu: utapata fedha, au elimu, au askari wa kukufuata, au utavamiwa. Watu walio na historia ni wale waliomo katika orodha. Mwaka 1991 orodha ilikuwa na mataifa 14, na kutoka Afrika ni Wamisri na Wazulu. Bara zima lililobaki lilikuwa nyasi na vibanda.

Nilipokuwa kijana nililiona hilo kama dhambi ya Wazungu peke yao. Ndipo siku moja nikatafuta jinsi ya kulitafsiri jina la mchezo. Civilization kwa Kiswahili ni ustaarabu. Na ustaarabu ni nini? Ni neno lililotoka kwenye Kiarabu, maana yake kuwa kama Mwarabu. Kinyume cha mstaarabu, kwa babu zetu wa mwambao, kilikuwa mshenzi, na mshenzi alikuwa mtu wa bara. Yaani neno lile la mchezo lililoniudhi lilikuwa letu pia. Sisi wa miji ya mawe tulikuwa na ramani yetu yenye nyasi na vibanda. Tuliweka vibanda huko juu, tukapeleka misafara, ikarudi na pembe za ndovu na watu. Pangani yetu ilikuwa mojawapo ya milango ya misafara hiyo. Babu alijua. Alikuwa akisema nyumba fulani mjini zina vyumba vya chini ambavyo hakuna aliyetaka kulala.

Mchezo umekua tangu wakati ule. Wa nne, wa mwaka 2005, ulifunguliwa na wimbo wa Kiswahili uitwao Baba Yetu, ambao maneno yake ni ile sala ya Kikristo na muziki wake ni wa Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy, wa kwanza kuipata kwa muziki wa mchezo wa kompyuta. Nakumbuka nilivyousikia mara ya kwanza nikaita nyumba nzima. Lugha yetu mlangoni pa historia ya dunia! Nikaingia ndani kuwatafuta wenyewe wa lugha hiyo. Wazulu walikuja, Wamali walikuwamo na Mansa Musa wao. Waswahili hawakuwamo. Tuliimba tu.

Katika mchezo wa sita, wa mwaka 2016, Zanzibar ipo. Lakini siyo taifa la kuchezwa. Ni mji mdogo wa pembeni, wa aina ambayo haiwezi kushinda kamwe. Mataifa makubwa yanautumia wajumbe, na atakayetuma wengi, angalau watatu, anakuwa bwana wake. Zawadi yake ni karafuu na mdalasini, ambazo katika mchezo huo hazipatikani kwa njia nyingine yoyote, na zinawafurahisha raia wa bwana huyo huko mijini kwake. Aliyeiandika kanuni hiyo amesoma, nakubali. Mwaka 1890 Waingereza waliitangaza Zanzibar kuwa chini ya himaya yao, na himaya ni kanuni ileile: mji unabaki na mfalme wake, faida inakwenda kwingine.

Ila karafuu. Miti yake ilifika visiwani mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, alihimiza ipandwe mashamba kwa mashamba Unguja na Pemba. Karafuu haijichumi. Inataka mikono mingi, kwa haraka, kabla ua halijafunguka. Mikono hiyo ilikuwa ya watu waliotolewa bara, kutoka Ziwa Nyasa mpaka Tanganyika. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaja kupigwa marufuku visiwani mwaka 1897. Katika mchezo karafuu inatoka katika mkataba. Hakuna mraba, hakuna raia, hakuna chakula 2 alichokula mchumaji.

Mchezo wa nne uliwahi kuuweka utumwa. Ukiuchagua, unaweza kumaliza jengo mara moja kwa kuwapoteza raia kadhaa wa mji huohuo. Wachezaji hodari wanaijua kanuni hiyo na kuitumia sana, na mji unanuna kwa muda kisha unasahau. Lakini hata hapo walioangamia ni wa kwako mwenyewe. Hawakutoka kijiji cha mtu mwingine. Hakuna ghala la upande wa pili lililopungua. Babu angetazama pale angeuliza swali lilelile.

Babu alifariki mwaka 2014. Bao lake ninalo hapa ninapoandika. Mwaka jana nilianza kuchora mchezo wangu kwenye karatasi za manila, mchezo wa mwambao. Nimetengeneza kanuni ya pepo: nusu ya zamu ni kaskazi, nusu ni kusi, na chombo kilichochelewa kinakaa bandarini mpaka msimu ugeuke. Nimeweka kanuni ya chakula ili mji wa kisiwani uutegemee upande wa bara. Nimefuata sheria ya bao kwamba hakuna kipande kinachotoka nje ya ubao. Nilipofika kwenye misafara, mpwa wangu wa miaka 11, ambaye ndiye mpinzani wangu, aliweka kidole juu ya sehemu ya bara ambayo sikuwa nimeichora kitu. Akasema, "Anko, hawa wanaobeba pembe wanakuja kutoka mji gani?"

Nikamwambia wanatoka bara.

"Bara mji gani? Na wakifika Pangani wakauzwa, mimi nahesabu kwako au kwangu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechora Kilwa, Mombasa, Lamu, Pangani na Unguja kwa kalamu za rangi, na magharibi yake nimeacha karatasi nyeupe. Tumeusimamisha mchezo. Sasa nasoma habari za Wanyamwezi, Wayao na Wazigua ili nijue miji na vijiji vyao vilikaa wapi, na nikishaviweka itabidi hesabu yote ianze upya.